Uzi: Msitu wa Kakamega na mashamba yetu vina historia. Tuisome kabla ya kuchimba mashimo ya kupandia miti

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Wadau, salaam.

Kila mvua inapokaribia tunaitwa kupanda miti. Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ya kitaifa kwa kazi hiyo, na shabaha ya serikali ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nina kitalu karibu na Shinyalu na miche yangu mingi huenda kwenye shughuli hizo, kwa hiyo simpingi anayepanda. Kinachoniuma ni kuona mashimo yanachimbwa kabla ya mtu yeyote kuuliza mahali hapo palikuwa nini miaka 50 iliyopita, na miaka 200 kabla ya hapo.

Chukueni msitu wetu wa Kakamega. Mgeni huambiwa kwamba mkono wa mtu haujaugusa, na kwamba ni kipande cha mwisho upande huu wa mashariki cha misitu mikubwa ya Kongo. La Kongo ni kweli. Miti, nyoka na ndege wengi wa hapa huwapati kwingine Kenya. La kutoguswa si kweli hata kidogo, na ndilo linalotupotosha.

Mwaka 1902 wamisionari Wakweka (Quakers) kutoka Marekani walifungua kituo chao Kaimosi, na hawakukawia kuweka mashine ya kupasua mbao, maana msitu ulikuwa mlangoni. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa, wachimbaji wakamiminika. Mgodi unakula miti: magogo ya kuzuia udongo usiwaporomokee watu, kuni za mitambo, mbao za nyumba za wachimbaji. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji, sheria iliyokuwa na miaka miwili tu, ili ichukue ardhi yenye dhahabu bila kuwapa wenyewe ardhi nyingine badala yake. Msitu ukatangazwa kuwa hifadhi 1933. Ziwekeni tarehe hizo pamoja. Mpaka wa msitu ulichorwa wakati ule ule ambapo watu wa hapa walikuwa wakiona ardhi inawaponyoka, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo ya wazee wengi kuuona mpaka huo hadi leo kama ua wa mtu mwingine.

Ikafuata miongo ya leseni za mbao. Mti uliosakwa sana ni ule mzeituni mkubwa wa msituni ambao maseremala huuita Elgon tiki. Sehemu zilizofyekwa zikapandwa sipresi na misonobari. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu, ukafanywa hifadhi ya kitaifa, na 1986 ukaja mpango wa Nyayo wa kupanda chai ukingoni ili itenge msitu na mashamba. Leo eneo lililotangazwa ni karibu kilomita za mraba 240, lakini msitu wa asili hasa ni takriban nusu yake. Malava, Bunyala, Kisere na Kaimosi vimebaki vipande vilivyozungukwa na mahindi na miwa. Kisere bado kuna yule kima wa ndevu nyeupe anayeitwa kalasinga, amefungiwa kwenye kisiwa cha miti.

Sasa nataka niwaonyeshe jinsi historia hiyo inavyosomeka kwa macho. Ukitembea ndani ya msitu upande wa Isecheno, utakuta mahali shimo refu, jembamba, limejaa majani yaliyooza, na kando yake tuta ambalo maji hayangeweza kulijenga. Hapo palikuwa pa kupasulia mbao. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu yake na mwenzake akaingia chini, wakavutana msumeno mrefu siku kutwa, vumbi lote likimwangukia yule wa chini. Kisiki kilishaoza zamani. Shimo limebaki. Tazama juu: hakuna jitu la mti karibu, kuna mitondo myembamba iliyonyooka, yote unene mmoja, kwa sababu yote ilianza maisha siku ambayo mwanga uliingia pale jitu lilipoanguka. Unaweza kukisia mwaka wa msumeno kwa unene wa mitondo.

Ukitoka ukingoni unakutana na mipera. Watu wengi wanaichukia kwa kuwa ni mgeni kutoka Amerika, na ni kweli inasambaa mno, kwani tumbili na ndege wanakula mapera na kuangusha mbegu kila mahali. Lakini piga magoti chini ya mpera mkubwa ulio shambani. Utakuta miche ya miti ya msituni ambayo hakuna aliyeipanda. Ndege huja kwa ajili ya mapera, akapumzika, akaacha mbegu alizokula msituni asubuhi. Watafiti waliofanya kazi hapa hapa walichapisha jambo hilo 2008: mipera ya mashambani ni vituo ambapo msitu huanza kurudi wenyewe. Nimeona vikundi vikifyeka mipera yote, na miche iliyokuwa chini yake, ili vipande sipresi kwenye mistari.

La tatu ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi huu. Ndani ya msitu kuna viwanja vya nyasi. Wapandaji wanavipenda kwa sababu jembe linaingia kwa urahisi na picha inatoka vizuri. Baadhi ya viwanja hivyo vilikuwa mashamba au vituo vya mbao, na vikiachwa vinajifunga vyenyewe. Vingine ni vya kale: udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba, vina miti mifupi ya magome mazito inayostahimili moto, na vilitunzwa na ng'ombe, wanyama wa porini na moto kwa vizazi ambavyo hatuwezi kuhesabu. Huko nyasi, vipepeo na ndege ni wa aina yao. Ukipanda mikaratusi kwenye kiwanja kama hicho hujarudisha chochote, maana hakukuwa na msitu wa kurudisha.

Karibuni. Tuelezane ya kila upande, hasa Nakuru na kando ya ziwa.

Mto Isiukhu

Nafuatilia. Mitondo yenye unene mmoja nimeiona tangu utotoni na sikuwahi kujua maana yake.

Nyar Alego

Ahsante sana ndugu. Huku kwetu Siaya mtu akitazama nyanda zetu anasema ni kame, hakuna historia ya miti. Historia ipo, ila imeandikwa kwenye maboma.

Zamani watu waliishi ndani ya maboma makubwa yenye handaki na ukuta wa udongo, tunayaita gunda bur. Watu wakihama, mahali panabaki. Ukisimama juu ya kilima kidogo wakati wa kiangazi utaona duara la minyaa, sisi tunaita ojuok, limezeeka na kunenepa kuliko ua wa nyumba yoyote ya leo. Katikati yake udongo ni mweusi, kwa kuwa ng'ombe walilala hapo miaka na miaka. Watu wa kwetu hupanda mboga na tumbaku katika udongo wa namna hiyo kwa sababu hauhitaji mbolea. Pembeni utakuta siala, mikuyu, na vichaka ambavyo huvioni mita mia moja nje ya duara. Hicho kichaka kililetwa na watu, wakaondoka, kikabaki.

Halafu kuna Got Ramogi, kilima ambacho Wajaluo wanasema ndipo mababu zao walipotua mwanzo. Kiko upande wa Yala kwenye kinamasi. Miti ya kule imesalimika kwa sababu ya heshima, na waganga wanakwenda kuchuma dawa kwa utaratibu. Kabla hakujawa na idara yoyote ya misitu, watu walikuwa na sababu yao ya kutokata.

Na tusisahau sotoka ya miaka ya 1890. Ng'ombe walipokufa, nyasi hazikuliwa, vichaka vikapanda, mbung'o wakafuata vichaka. Muda mfupi baadaye malale yakaingia kando ya ziwa. Watu wakahama mwambao, pori likachukua nafasi yao. Lambwe, ambako leo kuna Mbuga ya Ruma, ni bonde ambalo mbung'o walilishika watu wakalikwepa. Mtu anayeliona leo anadhani lilikuwa pori siku zote.

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Dada, hilo la sotoka ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wazungu wa kwanza kuweka makazi huku waliikuta nchi iliyotoka tu kupigwa na sotoka, ndui na njaa ya mwisho wa karne ile. Wakaandika kwamba ardhi iko tupu. Ramani za misitu na za makazi zilianza kuchorwa katika miaka hiyo hiyo, yaani miaka isiyo ya kawaida kabisa.

Mkulima wa Njoro

Mimi nitasema la Mau, na nitasema kwa uchungu.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Garimoshi zilikuwa zinachoma kuni, na kuni hizo zilitoka kwenye misitu ya kando ya reli, Mau ikiwemo. Ndiyo maana mikaratusi ililetwa Kenya 1902: iote haraka iwe kuni za treni. Yaani mti ambao leo tunaulaumu kwa kukausha chemchemi ulikuja kuziba pengo ambalo treni ilikuwa inalitoboa. Kisha mitarakwa na podo zikaingia kwenye mashine za mbao, na pale zilipotoka ikapandwa sipresi. Huku Njoro na Molo bado utaona nguzo za mutarakwa kwenye nyua za mashamba makubwa ya zamani. Zimepigwa na mvua na jua miaka mingi, zimekuwa za kijivu, na ukizikwangua kwa kisu ndani bado ni nyekundu na zinanukia. Hizo nguzo ndizo msitu wa zamani. Umesimamishwa wima ukafungwa seng'enge.

Utaratibu wa shamba ulianza mapema karne iliyopita. Mfanyakazi wa misitu alipewa kipande, akalima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali, miche ikikua anahamishwa. Ukapigwa marufuku miaka ya 1980, ukarudishwa, leo una jina jingine. Ulikuza mbao nyingi, sikatai. Lakini chini ya sipresi iliyopandwa karibu karibu ni giza na sindano kavu, hakuna kinachoota.

Mwaka 2001 serikali ikaondoa karibu hekta 67,000 kwenye hifadhi za misitu nchini, na takriban hekta 35,000 kati ya hizo zilikuwa Mau Mashariki, hapa juu yetu. Mto Njoro unatoka huko kwenda Ziwa Nakuru. Wazee wanakumbuka ukitiririka mwaka mzima. Sisi wa chini tumeuona ukikatika kiangazi na kubaki mawe.

Swali langu kwa mleta mada: huku tulipo juu, shamba la viazi kila upande, hakuna mpera wala ndege wa kuleta mbegu. Tusubiri nini?

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Mzee wangu, huko msisubiri. Pandeni. Kanuni ninayoifuata ni hii: msitu hurudi wenyewe pale ambapo chanzo cha mbegu kiko karibu, kuna wanyama wa kuzibeba, na udongo haujachoka. Kikikosekana kimojawapo, mtu lazima asaidie. Mau Mashariki vyote vitatu vimeondoka sehemu nyingi. Ila ombi langu ni kwamba muanzie kingo za mito na mabonde membamba ambako visiki vya asili bado vinachipua, na miche iwe ya miti ya huko juu, mutarakwa, podo, mwiritsa, mzeituni mwitu. Sipresi ibaki kwenye mashamba ya mbao.

Sheria Kwanza

Mnazunguka sana. Tatizo ni watu. Weka ua wa umeme, toa kila mtu, msitu utarudi. Buyangu ni ushahidi.

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Ndugu, nakukubalia nusu. Buyangu, ambako uchungaji na ukataji vilizuiwa zaidi, kichaka kimeshona vizuri, na anayetembea huko na Isecheno anaiona tofauti. Lakini hata huko viwanja vya nyasi vinajifunga, na wanyama wa nyasi wanapoteza mahali. Kutoa watu nako ni kuugusa msitu.

Na hao watu unaotaka watolewe ni akina nani? Huko Mau kuna Waogiek. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake kutoka miteremko ya chini hadi juu kabisa, wakifuata maua kadiri misimu inavyopanda mlima, mizinga yao imetundikwa kwenye miti mikubwa. Mtu ambaye chakula chake ni asali hana faida ya kukata mti unaochanua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu huko Arusha iliamua Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwafukuza, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Ukiondoa watu wa aina hiyo unaondoa walinzi, halafu anayekuja usiku na msumeno wa mashine hana wa kumwona.

Mwalimu wa Jiografia, Nakuru

Niongeze jambo moja tu. Mnazungumza kana kwamba mvua ilikuwa ile ile siku zote. Tope la chini ya Ziwa Naivasha limechimbwa na kusomwa, na linaonyesha miaka 1,100 ya kupanda na kushuka kwa maji. Kati ya takriban mwaka 1000 na 1270 palikuwa pakavu kuliko leo. Baadaye maji yakaongezeka, lakini katikati yake kukawa na vipindi virefu vya ukame, kimojawapo kati ya 1760 na 1840 hivi. Mababu wa watu wengi wa Bonde la Ufa na magharibi walikuwa wakihama katika vipindi hivyo. Msitu nao ulikuwa ukihama, ukishuka mlima mvua ikizidi na kupanda ikipungua. Na sisi wa Nakuru tunajua: ziwa letu lilikauka katikati ya miaka ya 1990, na tangu 2010 na kuendelea limepanda hadi kuua migunga ya kandokando na kumeza lango la mbuga. Anayetaka kurudisha hali ya zamani anieleze kwanza ni zamani ipi.

Mama wa Khayega

Watoto wangu, nimesoma yote. Hamjamtaja mwanamke hata mara moja.

Nilipoolewa huku nilikatazwa kupanda mti. Ilisemwa mwanamke akipanda mti atakuwa tasa au mume atakufa. Maana yake ilikuwa kwamba mti ni alama ya mwenye shamba, na shamba si lake. Miaka ya 1980 kulikuja mradi wa kuni wilayani Kakamega. Wakapiga picha kutoka angani, wakakuta kwamba mashamba yetu yana miti mingi, na kwamba pale watu walipobanana zaidi ndipo miti iliyopandwa ilizidi. Ajabu ni kwamba akina mama walikuwa wanatembea mbali kutafuta kuni. Miti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wanaume, ya nguzo na ya kuuza. Kuni zilikuwa zetu, mti haukuwa wetu.

Basi wakaleta kaliandra na sesbania. Ni vichaka, hakuna aliyeviita mti, kwa hiyo mwanamke angeweza kupanda. Unakata kwa panga, vinachipua, ng'ombe anakula majani, jikoni unapata vijiti. Mimi ua wangu wa kaliandra bado upo, na wakwe zangu wa kike wanaukata.

Lusiola, ule mti ambao Wajaluo huuita siala, pia msiusahau. Mume wangu alikuwa akikata lusiola urefu wa goti, kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kisiki, akaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kung'oa mengine. Baada ya miaka kadhaa anakata nguzo nyingine kutoka kisiki kile kile, na mchwa hawazipendi. Kuna visiki vya lusiola mpakani kwetu ambavyo vilikuwepo kabla sijaolewa. Mkivihesabu vijiti vyake mtasema ni miti michanga, kumbe mizizi ni ya babu.

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Mama, shikamoo. Ulichoeleza ndicho nilichoshindwa kukiweka vizuri pale juu. Vihiga sasa ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, na bado ukipita barabarani unaona kijani tupu. Kijani hicho ni kazi ya familia, kisiki kwa kisiki, na hakuna anayekihesabu kama uhifadhi. Kwangu visiki hivyo vya mpakani vina haki ya kulindwa sawa na mti wa msituni.

Bunyore Juu

Na vichaka vya wagawa mvua kwetu? Ukoo wa Nganyi una vijisitu vyake vidogo vitakatifu. Husoma dalili kwa maua, nyuki, nyoka na ndege, na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wamekaa nao kulinganisha utabiri. Vijisitu hivyo vikikatwa, hata chombo chao cha kusomea mvua kimekatwa. Pande zote ni mawe na mashamba, halafu ghafla unakuta miti ya asili imefungamana kwenye kipande kidogo kabisa.

Kijana wa Webuye

Wakuu, nina ekari moja ya baba yangu, iliachwa bila kulimwa tangu miwa iliposhindwa kulipa. Nimeahidiwa miche ya mikaratusi bure. Nifanye nini kwanza?

Mwana wa Isukha (mleta mada)

Ndugu yangu, kabla ya mche wowote fanya mambo haya.

Muulize mzee wa jirani palikuwa nini kabla ya miwa, na atumie majina ya vitu: mkondo ulipita wapi, ng'ombe walinyweshwa wapi, mti gani ulikuwa mkubwa. Kisha pitia ekari yote ukiwa na vijiti na vitambaa, wakati nyasi ni fupi. Kila chipukizi la mti wa asili utakaloliona, musutsu, lusiola, mutere, mkuyu, liwekee kijiti. Utashangaa jinsi vilivyo vingi. Palilia kuzunguka vijiti tu, zuia mbuzi, na subiri mvua mbili. Mizizi iliyo chini tayari inajua maji yako wapi, kwa hiyo chipukizi litauacha nyuma mche wa kitalu.

Kama kuna chemchemi au mkondo, mikaratusi isikaribie. Ukitaka nguzo za kuuza, iweke juu kwenye kona kavu, safu chache. Kama una mpera, uache.

Pale patakapobaki wazi ndipo upande. Ukija kitalu changu nitakupa mwiritsa, ambao gome lake linauzwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume na ndiyo maana biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu 1995. Ila mbegu zake hazingoji. Ukizikausha sana au kuziweka kabatini miezi, zimekufa. Zikiiva na kugeuka zambarau iliyokolea, okota chini ya mti asubuhi kabla tumbili hawajamaliza, osha nyama yote itoke, anika kivulini siku chache na usie wiki hiyo hiyo kwenye udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga. Njoo na mfuko wa udongo wa kwenu tuutazame.